Ejo Bila Kitenzi

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Mbonigaba alikuwa akibandua zipu iliyokufa kwenye begi la mteja. Muuza maandazi akapita mbele ya kibanda chake, kilichokuwa kwenye kona ya ua wa nyumba yake pale Nengo, Gisenyi, akatua beseni, akampongeza kwa kumbeba dada yake mgongoni.

"Nilikuona ejo kule Goma," alisema, "unamubeba yaya yako mpaka ku dispansere. Mungu akubariki, Papa. Batu ya leo habafanyi vile."

Mbonigaba alishukuru, akanunua maandazi mawili, akaendelea na zipu. Siku iliyotangulia alikuwa ameshinda palepale kibandani, akibadilisha magurudumu ya sanduku la bibi mmoja aliyekuwa akienda kwa wajukuu. Goma hakuwa ameikanyaga tangu mwaka wa volkano. Lakini muuza maandazi alikuwa ameona alichoona, na Mbonigaba hakuwa na haki ya kumbishia, kwani saa moja asubuhi hiyohiyo alikuwa ametuma ujumbe.

Kazi yake ilikuwa mabegi. Zipu, mipini, magurudumu, mikanda, vitambaa vya ndani vilivyochanika. Kutoka kibandani mpaka Grande Barrière ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, nane ukiwa na haraka, na wasafiri wengi hugundua ubovu wa mabegi yao dakika kumi kabla ya mpaka. Kwa hiyo hakukosa kazi. Alikuwa ametengeneza mabegi yaliyofika Nairobi, Lubumbashi na Ubelgiji, na wenye mabegi waliporudi walimweleza huko kulivyo. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya mtu anayejiandaa. Nyuma ya cherehani aliweka sanduku lake mwenyewe, la kijivu, limepangwa tayari. Zipu yake alikuwa ameibadilisha mara nne ingawa haikuwahi kuharibika.

Safari aliyokuwa akijiandaa nayo ni ya kwenda Katindo, Goma, kwa Mukandutiye. Kwa pikipiki, ukishavuka mpaka, chai uliyoiacha nyumbani haijapoa.

Mukandutiye alikuwa yaya yake. Huku kwetu yaya si mtumishi wa kulea mtoto, ni dada mkubwa, ingawa Mukandutiye alikuwa vyote viwili. Mama yao alifariki Mbonigaba akiwa na miaka minne, na dada, mwenye miaka kumi na tisa, akamlea hukohuko Goma, akamfundisha kutunga uzi kwenye sindano kabla hajajua kusoma. Familia iliporudi Rwanda, yeye alibaki kwa mumewe. Mume akafa. Mtoto hakujaliwa. Akabaki na nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe meusi, na mdogo wake mmoja upande wa pili wa mpaka.

Sasa lazima nieleze neno ejo, maana mambo yote haya yamening'inia hapo. Ni neno la Kinyarwanda, lakini Waswahili wa Gisenyi na Goma tunalitumia kama letu. Maana yake ni jana. Maana yake pia ni kesho. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu kitenzi kipo cha kusema: nilikuja ejo, basi ni jana, nitakuja ejo, basi ni kesho. Ukiondoa kitenzi, neno linabaki limesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Mwaka ule wa volkano, mwezi wa tano, mlima ulimwaga moto siku ya Jumamosi, na wiki nzima iliyofuata ardhi ikatikisika pande zote mbili. Alhamisi watu wa Goma wakaambiwa wahame. Walivuka mpaka asubuhi ile na magodoro vichwani, na kuku, na wazee kwenye mikokoteni. Mukandutiye naye alivuka, kwa miguu yake iliyokuwa imeanza kuvimba, akakaa chini kando ya barabara upande wa Rwanda, akapiga simu.

"Mudogo, niko huku ku barrière, upande wenu. Miguu inakatala. Kuya unikamate mukono."

"Niko nakuya, Yaya," Mbonigaba alisema, na wakati akisema ilikuwa kweli.

Alivaa viatu. Alifika mlangoni pa ua. Pale akageuka kutazama nyuma. Ukuta wa nyumba ulikuwa umepasuka, na wote walikuwa wakilala uani chini ya turubai moja: mke wake Umutesi, wakwe zake wawili, jirani na watoto wake, na cherehani. Alihesabu mikeka. Ilikuwa sita, na watu walikuwa tisa. Kisha likamjia wazo fupi, fupi kuliko muda wa kufunga kamba za viatu: akija, hataondoka tena.

Alisimama pale mlangoni mpaka jua likamhama. Kisha akavua viatu. Simu iliita mara tatu zaidi, akaiacha iite chini ya rundo la vitambaa.

Ijumaa asubuhi aliandika ujumbe. Mwanzo aliandika: Mi nitakuya ku barriere ejo. Akautazama. Akafuta nitakuya. Uliobaki ulisema: Mi ku barriere ejo. Alijiambia kwamba huo si uongo, kwamba kesho yake, Jumamosi, angekwenda kweli, na ujumbe ungekuwa sawasawa. Akautuma.

Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini. "Pole sana mudogo. Kumbe ulikuya. Nilienda nyuma ya gari ya maji kutafuta kivuli, njo maana hukuniona. Ni kosa yangu. Unisamehe."

Aliusoma mara nne. Kuusahihisha kulihitaji kitenzi kimoja tu, na hakukiandika. Jumamosi Mukandutiye alirudi Goma kwa miguu, juu ya barabara iliyopasuka, na akamtumia ujumbe wa kumjulisha hivyo, ili asisumbuke kwenda kumtafuta tena pale mpakani.

Tangu hapo hakuweza kwenda. Watu hudhani mtu hasafiri kwa sababu anaogopa njia. Mbonigaba aliiogopa tu ile dakika ya kufika, dada akiomba msamaha tena kwa ajili ya kivuli. Kila wiki iliyopita iliongeza urefu wa barabara. Sababu hazikumpungukia: mvua, mteja wa haraka, mkwe mgonjwa, viatu. Mpaka ulipofungwa kwa mambo ya wakubwa alimshukuru Mungu, kisha akaona haya kwa shukrani ile. Ulipofunguliwa alisema ni vizuri kungoja foleni ipungue.

Lakini aliandika. Dada aliposema sukari imeisha, au maji ya bomba hayaji siku hizi, au usiku peke yake ni mrefu, alijibu: Mi kwako ejo. Alikuwa amezoea sasa kuliacha sentensi bila kitenzi, kama mtu anavyozoea kutembea na kijiwe kiatuni.

Na mtu alikwenda.

Mara ya kwanza alijua kwa viatu. Alituma ujumbe asubuhi, na mchana akakuta viatu vyake, vilivyokuwa safi tangu juzi yake, vimejaa vumbi jeusi, lile la mawe ya Goma ambalo huku kwetu halipo. Jioni dada aliandika: "Aksanti ya ejo. Sukari ilikuwa mingi." Umutesi alifungua kabati, akaona sukari imepungua, akafunga kabati.

"Viatu yako ya ejo nimeanika," alimwambia. "Ukienda kule uvae ile ya zamani."

Tangu siku hiyo Umutesi akawa ananunua sukari pakiti mbili.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila alipotuma ejo yake asubuhi, palikuwa na Mbonigaba mwingine aliyekuwa amekwenda jana yake. Alivuka saa mbili, akarudi jioni. Alichota maji. Alipaka paa lami pale palipovuja. Aliketi na dada. Siku hiyohiyo Mbonigaba wa kibandani alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akishona, kila mmoja na siku yake nzima, na hawakukutana hata mara moja, kwa kuwa mmoja alikuwa daima siku moja nyuma.

Ningependa kusema kwamba jambo hili lilimuumiza tangu mwanzo. Lilimpa nafuu. Kwa muda wa mwaka na zaidi alilala vizuri. Alimtuma yule wa ejo jinsi watu wanavyomtuma mwenye pikipiki: peleka unga, angalia mlango, kaa naye kidogo. Akaandika mara mbili kwa mwezi, kisha mara tatu, na akajiona ndugu mwema kabisa.

Sifa ndizo zilizomharibia usingizi. Watu wa Gisenyi huvuka kila siku, na macho wanayo. Walimwona Katindo na bidoni za maji mkononi, wakarudi na habari. Kanisani mchungaji alimtaja kwenye mahubiri. Alisema kuna watu humu ndani ambao ndugu zao wako mtaa wa pili na hawajaonana tangu Pasaka, lakini fundi Mbonigaba anavuka mpaka wa nchi. Watu waligeuka kumtazama. Mbonigaba aliangalia viatu vyake vya zamani, vilivyokuwa na vumbi jeusi, na kila mtu akayaona hayo kuwa unyenyekevu. Wiki iliyofuata walimchagua awe mkuu wa kamati ya kutembelea wagonjwa. Alikubali, maana kukataa kungehitaji maelezo, na moyo wake ukawa mzito mpaka akashindwa kumaliza chakula.

Kipindi hicho ndipo Belise alipoleta begi. Wazazi wake Belise walirudi kutoka Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na kazi yake ilikuwa kusafiri na kujirekodi kwa simu akizungumza. Aliwafundisha watu namna ya kuacha woga na kuanza safari, na watu elfu kadhaa walimsikiliza huku wamekaa makwao. Kichwa cha zipu kilikuwa kimeng'oka. Alikaa kwenye benchi kungoja.

"Baba, wewe umeshafika wapi?" aliuliza.

"Goma," Mbonigaba alisema, na hakujua kama alikuwa amesema uongo.

"Na sanduku lile nyuma yako?"

"Ile ni ya safari."

"Safari ya lini?"

"Ejo," alisema.

Belise alicheka. "Wote mnasema hivyo. Watu huniuliza, Belise, moyo wa kusafiri uliupata wapi? Nawaambia sikuupata. Nilipanda basi bila moyo, moyo ukanikuta Kayonza. Mkikaa kungoja mjisikie tayari mtazeeka na mabegi yenu. Anza kidogo. Leo beba sanduku mpaka mlangoni, urudi. Kesho mpaka barabarani. Mwili ujifunze."

Mbonigaba alipaka meno ya zipu nta ya mshumaa. "Na kama kule iko mutu ulimukosea?"

Belise alifikiri kwa uaminifu, kwani alikuwa binti mzuri. "Hiyo sasa si utalii, Baba," alisema. "Hiyo sijawahi kuifundisha."

Hata hivyo Mbonigaba alijaribu. Siku ya kwanza alibeba sanduku la kijivu mpaka mlangoni pa ua, mahali palepale alipovulia viatu, akarudi. Siku ya pili alifika kwenye lami. Siku ya tatu aliteremka mpaka yanapoonekana maji ya ziwa kati ya nyumba. Ya nne akaiona bendera ya mpakani. Kila aliporudi, majirani walimpokea.

"Karibu nyumbani, Papa. Yaya iko namna gani?"

"Iko muzuri kidogo," alijibu.

Wiki tatu alifanya hivyo. Mwili ulijifunza kweli, ulijua kila shimo la njia, lakini ulijifunza na kurudi pia. Belise alimtumia ujumbe kutoka Kampala kumwuliza amefika wapi. Akajibu kwamba yuko njiani.

Siku ya Jumanne ile, baada ya muuza maandazi kujitwika beseni lake na kuondoka, Mbonigaba alivuta sanduku lake ili alifute vumbi. Lilikuwa zito kuliko alivyolipanga. Akalifungua. Juu ya nguo zake palikuwa na shati lake jeupe, lile la kanisani, limekunjwa, na lilinuka moshi wa makaa. Mgongoni lilikuwa na kunyanzi pana, pale mtu alipokuwa amebebwa. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kimeshonwa upya kwa uzi wa kijani.

Alikijua kile kifungo. Katika Goma nzima na Gisenyi nzima hakuna mtu mwingine anayefunga uzi hivyo, mizunguko mitatu shingoni mwa kifungo kisha fundo ndani ya fundo, ili mtoto akivuta kisikatike. Alikuwa amefundishwa vilevile akiwa na miaka saba, akasahau, akajifundisha njia ya haraka. Na uzi wa kijani ulimaanisha macho ya dada hayaoni rangi vizuri siku hizi, jambo ambalo yule wa ejo bila shaka alikuwa analijua, na yeye hakulijua.

Aliona wivu. Wivu mkubwa, wa kitoto. Kisha nyuma ya wivu ikaja hatia yote, ya miaka yote, na safari hii hakuwa na mahali pa kuiweka.

Alichukua simu. Aliandika: Yaya, mi kwako ejo. Iko kitu ya kukuambia. Alikusudia kesho, alikusudia kwa moyo wake wote, na vidole vikautuma kama vilivyozoea. Kisha akaketi, na akaona jinsi kesho itakavyokuwa: viatu, mlango wa ua, mikeka. Alijua kwamba akiingoja kesho atavua viatu tena. Akanyanyuka saa ileile. Begi la mteja likabaki mezani na zipu nusu. Viatu alikuwa amevaa tayari. Moyo hakuwa nao, akaondoka bila moyo, kama alivyofundishwa.

Alipopita mlangoni pa ua hakugeuka. Umutesi, aliyekuwa akichagua maharage, aliinua kichwa.

"Leo unaenda leo?" aliuliza.

"Leo."

"Sukari usisahau," alisema, akamletea pakiti.

Mpakani alihudumiwa na Cyiza, kijana ambaye Mbonigaba aliwahi kumbadilishia mpini wa sanduku.

"Papa Mbonigaba," Cyiza alisema. "Leo umechelewa. Kawaida unapita saa mbili."

"Mi sijapita hapa tangu volkano."

Cyiza aliangalia tena kioo cha mashine, kwa heshima. "Mashine inasema mara mia na ine. Ulitoka ejo, ukarudi ejo. Picha ni yako, kidole ni yako. Unataka tuandike malalamiko?"

Mbonigaba alifikiri ni nani angeshtakiwa katika malalamiko yale. "Apana," alisema.

"Bon. Weka kidole. Unaenda kufanya nini Goma?"

"Kuona yaya yangu."

"Kama kawaida," Cyiza alisema huku akiandika.

Upande wa pili alipata pikipiki. Dereva hakuuliza anakwenda wapi. Alimpitisha kando ya watu waliosukuma chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedeli, zilizojaa mkaa, akakata kushoto, akamshusha mbele ya nyumba ya mbao iliyopakwa rangi ya buluu. Rangi ilikuwa mpya. Mbonigaba alitazama mikono yake, akaona chini ya kucha za vidole gumba kuna buluu kidogo.

Jirani alikuwa akitwanga sombe, yaani kisamvu, kwenye kizingiti. "Umerudi?" alisema. "Bidoni zako ziko pale pa siku zote."

Mukandutiye alikuwa ameketi kwenye kiti cha chini, miguu yote miwili juu ya kigoda, imevimba mpaka vifundo havionekani. Alikuwa amezeeka. Hakuna aliyemwambia Mbonigaba kwamba dada yake amezeeka, kwa kuwa kila mtu alidhani anamwona. Dada alimtazama muda mrefu, akikaza macho.

"We ni wa leo," alisema.

"Njo mimi, Yaya."

"Nimejua. We umenenepa. Yule anabebaka maji, njo maana iko mwembamba." Alimwonyesha kiti. "Kaa. Chai iko hapo, ujimiminie. Mi siwezi kusimama."

Alimimina vikombe viwili. Alitia sukari ya pakiti aliyokuja nayo. Kiti alichoonyeshwa kilikuwa kimebonyea katikati, na umbo lile lilimtosha, ila pembeni kidogo lilimbana. Alisubiri dada aanze kuomba msamaha kwa ajili ya kivuli na gari la maji. Hakuanza. Alipuliza chai yake.

"Yaya," Mbonigaba alisema. "Ile siku ya Alhamisi, ya volkano. Ku barrière."

"Ndiyo."

"Mi sikukuya."

"Najua," Mukandutiye alisema. "Uliniambia ejo."

Mbonigaba alitazama kikombe. Akakumbuka ujumbe alioutuma kabla tu ya kuondoka kibandani. Akaukumbuka neno kwa neno, na jinsi ulivyokosa kitenzi.

"Alikuambia nini?"

"Byote. Tulitoka ku dispansere, akanikalisha hapa, akaketi pale penye umekaa. Akalia. Alisema ulivaa viatu, ukafika ku mulango. Ukahesabu mikeka. Ukavua viatu."

"Ata ya mikeka alisema?"

"Ata ya mikeka. Mikeka sita." Alisema bila hasira, kama mtu anayerudia bei ya nyanya. "Na mi miaka yote hii najiuliza, juu ya nini nilienda ku kivuli. Kila siku najiuliza. Mbele ya kulala najiambia, Mukandutiye, kama ungevumilia jua, mudogo wako angekuona."

"Sina ya kusema, Yaya."

"Alisema yote, haikubaki ya kusema."

Nje jirani aliacha kutwanga, akageuza majani, akaanza tena. Mbonigaba aliuliza swali alilokuwa ameliogopa tangu mwaka wa volkano, na sauti yake ilitoka ndogo, ya mtoto wa kutunga uzi.

"Na we ulimujibu nini?"

"Nilimusamehe," Mukandutiye alisema.

Kifua cha Mbonigaba kilifunguka. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa shati. "Aksanti, Yaya. Aksanti sana."

Dada aliweka kikombe chini. Alimtazama kwa upole uleule, na kwa umbali. "Sikia muzuri, mudogo. Nimesema nilimusamehe yeye. Ye alikuya. Alikuya mia na mara ine, mi nilihesabu. Alinibeba mugongoni."

"Ni mimi ule, Yaya."

"Ni we wa ejo."

"Na mi? Mi wa leo?"

Mukandutiye alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, tangu zamani. Alinyoosha mkono, akashika kifungo cha pili cha shati alilovaa mdogo wake, akakivuta kidogo kuona kama kimekaza. Kilikuwa cha njia ya haraka. Kilibaki mkononi mwake.

"Ejo," alisema.

Mbonigaba alingoja kitenzi. Dada alikiweka kile kifungo kwenye kisosi, akachukua kikombe, akanywa chai yake mpaka chini. Alikuwa amefumba macho. Haikuwezekana kujua kama alikuwa ameshasamehe, au atasamehe, na Mbonigaba, kati ya watu wote wa pande mbili za mpaka, ndiye aliyekuwa na haki ndogo kabisa ya kumwomba aeleze.

Kisha Mukandutiye akaonyesha kwa kidevu pembe ya ukuta. Bidoni mbili za manjano zilikuwa pale, tupu.

Mbonigaba alizichukua. Bombani wanawake walimpisha kwenye foleni wakisema leo amechelewa, wakamwuliza mgongo unaendeleaje baada ya kazi ile ya jana. Alisema haumwumi, na hiyo ilikuwa kweli. Akajaza, akafunga vifuniko, akaanza kupanda juu ya mawe meusi. Alipumzika mara nne kabla ya kufika. Mwenzake wa ejo, dada alimwambia alipofika, alikuwa hapumziki.